Zana Isiyokosa Jibu

RUDY: Haloo? Nani mwenzangu?

TAIMI: Usikate.

RUDY: Nani?

TAIMI: Nimesema usikate, Rudy. Ni mimi.

RUDY: Ahaa. Taimi. Na hii namba ni ya—

TAIMI: Ya Verna, jirani wa Baba. Nimeazima simu yake kwa sababu yangu huipokei tangu Jumatano.

RUDY: Siipokei kwa sababu sina la kusema na wewe. Salamu zako nilizipata. Ulizibandika mtandaoni, kila mwenye macho akazisoma.

TAIMI: Rudy, sikiliza—

RUDY: Sikiliza wewe! Umenitafuta, umenipata. Alama nne kati ya kumi. Nne! Ndugu yako wa tumbo moja!

TAIMI: Sikukupigia kwa ajili ya—

RUDY: Mawakala wote wa akili bandia wanaotaka kujua simu ya mtu iko wapi husoma ukurasa wenu wa tathmini kwanza ndipo wachague zana, ile programu ya kuwapa jibu. Unalijua hilo, ndiyo kazi yako. Sasa wakifika kwangu wanakuta nini? "Maelezo haya yanaahidi mengi kuliko yanavyoeleza." Hiyo si tathmini, Taimi. Hilo ni tusi lililovaa tai.

TAIMI: Umemaliza?

RUDY: Sijamaliza. Ulijua ni zana yangu?

TAIMI: Nilijua.

RUDY: Alijua! Sikia mtu huyu! Ungempa mwenzako aisome. Au ungenipigia kwanza, ukaniambia, mdogo wangu, hapa pamepungua, rekebisha. Hata mwalimu wa chekechea humwita mzazi.

TAIMI: Sawa. Ningekupigia. Hapo nilikosa. Sasa niambie, Baba yuko wapi?

RUDY: Usibadilishe mada.

TAIMI: Sibadilishi. Nakuuliza, Baba yuko wapi?

RUDY: Yuko nyumbani. Nimemwuliza wakala wangu asubuhi hii hii, akajibu moja kwa moja: Eino Lahti yuko nyumbani. Unaona? Zana mbovu, zana ya alama nne, lakini mimi nikiwa Minneapolis najua baba yangu—

TAIMI: Mimi niko jikoni kwake.

RUDY: Vizuri. Mpe simu nimsalimie.

TAIMI: Hayupo, Rudy.

[Mikwaruzo kwenye laini.]

RUDY: Hayupo vipi?

TAIMI: Hayupo kama watu wanavyokuwa hawapo. Nyumba imepoa. Kahawa imebaki kwenye birika, imefanya utando juu. Mkate wa iliki uko mezani, mkavu, kisu kimechomekwa ndani.

RUDY: Atakuwa kwenye sauna, anaoga mvuke. Leo si Jumamosi?

TAIMI: Ndiyo, Jumamosi. Na sauna ni baridi. Nimeyashika mawe kwa mkono wangu.

RUDY: Sauna baridi?

TAIMI: Baridi. Lini umeona sauna ya Baba ikawa baridi Jumamosi?

RUDY: Siku tuliyomzika Mama.

TAIMI: Hata siku ile aliiwasha. Wewe ulikuwa umeshaondoka.

RUDY: Gari lake je?

TAIMI: Halipo. Verna alimwona Alhamisi anapita hapa akielekea ziwani. Vioo vyote viko chini, mkanda wa kiti unaning'inia nje ya mlango.

RUDY: Vioo chini? Kwa baridi ile?

TAIMI: Ndiyo.

RUDY: Basi alikuwa anakwenda kwenye barafu ya ziwa. Mtu hashushi vioo Machi hii kama hajiandai kuchupa gari likizama. Taimi, alikuwa anakwenda barafuni!

TAIMI: Unafikiri sijui? Kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu bado kiko huko. Wenzake wote wameshavuta vyao nchi kavu, mwisho wa kuviondoa ni Jumatatu. Wewe unamjua Baba. Lazima awe wa mwisho, samaki wasije wakadhani amewakimbia.

RUDY: Sasa Verna alimwona akapita vile, halafu akakaa tu? Siku mbili? Yeye amezaliwa kando ya ziwa lile, hajui maana ya vioo chini?

TAIMI: Anajua. Jioni aliona taa haijawaka, akaingiwa na wasiwasi. Akakiuliza kile kisanduku chako cha kuongea ulichomwekea Baba ukutani, na yeye Verna ukamwunganisha nacho kwa simu yake. Akauliza, Eino yuko wapi? Kikamjibu, Eino yuko nyumbani. Akasema, haya, amerudi, amelala mapema. Naye akaenda kulala.

RUDY: Hapana.

TAIMI: Ijumaa akauliza tena. Nyumbani. Leo nimekuja na supu, nikamkuta anafagia theluji mlangoni kwake, ananiambia kwa furaha, mzee yuko ndani, nimeuliza.

RUDY: Umewapigia polisi?

TAIMI: Polisi wa kaunti yuko kwenye simu ya ukutani hapa, nimeiweka juu ya meza, anangoja. Jina lake Skalicky. Ni mgeni, ametoka kusini huko. Nilipomwambia vioo vilikuwa chini akaniambia labda mzee alitaka hewa.

RUDY: Mpumbavu!

TAIMI: Si mpumbavu. Ana waokoaji wanne tu, na barafu imeoza. Na mbele yake ana skrini. Wakala wao amekuuliza wewe, Rudy, ameuliza zana yako, na zana yako imesema yuko nyumbani. Skalicky ananiambia, mama, angalia chini, kwenye ghala, wazee huanguka kwenye ngazi. Nimeangalia ghalani mara tatu. Nimeangalia hadi ndani ya friza, mtu mzima mimi!

RUDY: Ngoja. Ngoja kidogo. Labda simu ameiacha hapo nyumbani. Umetazama kwenye koti lake la—

TAIMI: Nimeipigia. Haiiti. Imezima.

RUDY: Imezima?

TAIMI: Imezima kabisa. Sasa niambie. Simu iliyozima inasemaje kwamba iko nyumbani?

[Vidole vinagonga kibodi.]

TAIMI: Rudy.

RUDY: Nakusikia.

TAIMI: Ndilo swali nililoandika kwenye tathmini. Unalikumbuka? Uliruka ukaenda kwenye alama, hukusoma swali. Niliandika, zana hii simu isipojibu hurudisha nini? Mahali pa mwisho? Hitilafu? Maelezo hayasemi. Na wewe ukajibu pale chini, mbele ya watu, kwa herufi kubwa: HAIKOSI JIBU.

RUDY: Kwa sababu haikosi!

TAIMI: Ndiyo maana nakuuliza! Kitu gani duniani hakikosi jibu? Mungu na mlevi tu! Simu ikiwa kimya, zana yako inarudisha nini?

RUDY: Wewe huwajui hawa mawakala. Ukimpa jibu tupu anachanganyikiwa. Anabuni. Mmoja tulimjaribu mwaka jana, alipokosa mahali akasema mtu yuko baharini. Mteja akalia kwenye simu. Ndipo tukaona—

TAIMI: Inarudisha nini?

RUDY: —tukaona ni afadhali apewe kitu cha kumtuliza, kitu ambacho mara nyingi ni kweli. Wazee wengi muda mwingi wako—

TAIMI: Rudy, barafu inalia huku. Naisikia nikiwa jikoni. Inarudisha nini?

RUDY: Anwani ya nyumbani.

TAIMI: Anwani ipi?

RUDY: Ile iliyojazwa siku ya kujiandikisha. Simu isipopatikana, zana inatoa anwani ya nyumbani.

[Mahali fulani mlango unagonga kwa upepo.]

TAIMI: Kwa hiyo haijui.

RUDY: Kwa wakati huo, hapana.

TAIMI: Haijui, lakini inasema yuko nyumbani. Inasema hivyo kwa sauti ile ile inayotumia ikiwa inajua.

RUDY: Haikuwa nia—

TAIMI: Na katika maelezo yote yale, kurasa na kurasa, rangi nzuri, mifano, michoro ya vimishale, hukupata nafasi ya mstari mmoja kusema hivyo?

RUDY: Ningeuandika, nani angeichagua? Wenzangu wote wanaandika haikosi!

TAIMI: Heh!

RUDY: Usinihehie! Wewe je? Wewe uliyeisoma mstari kwa mstari, uliyeona hayo mapungufu kwa miwani yako ya mjini Duluth? Alhamisi uliuliza nini? Ijumaa uliuliza nini? Hukumpigia Baba simu. Uliuliza zana! Ninaona huku, Taimi. Kumbukumbu ziko mbele yangu, nimezifungua. Alhamisi jioni, Taimi Lahti: Baba yuko wapi? Ijumaa asubuhi, Taimi Lahti. Ijumaa jioni, Taimi Lahti. Alama nne, na ukaiamini!

TAIMI: Nilikuwa nimechoka.

RUDY: Sote tumechoka.

TAIMI: Nilitaka iniambie yuko nyumbani, nikalale. Ikaniambia.

RUDY: Basi usinivue nguo peke yangu.

TAIMI: Sawa. Tuko uchi wote wawili. Umesema kumbukumbu ziko mbele yako?

RUDY: Ndiyo.

TAIMI: Za simu ya Baba pia? Za kweli, kabla hazijapakwa rangi?

RUDY: Zipo. Hazitolewi kwa mawakala, lakini zipo. Ngoja... ngoja, mtandao unavuta miguu... Hii hapa. Alhamisi, mchana. Mara ya mwisho simu kujibu.

TAIMI: Wapi?

RUDY: Ghuba ya Mierezi. Nyuma ya rasi, mbali na ufuko, katikati kabisa. Hapaonekani kutoka barabarani. Halafu basi. Kimya.

TAIMI: Kimya kama imezama, au kimya kama betri imekufa kwa baridi?

RUDY: Haisemi.

TAIMI: Angalau hii inakubali kwamba haisemi. Haya. Sasa utamwambia Skalicky.

RUDY: Mwambie wewe. Ghuba ya Mierezi, nyuma ya rasi.

TAIMI: Nikimwambia mimi ni binti mwenye hofu anayebishana na skrini. Nimeshabishana nayo saa nzima. Atakuamini wewe uliyeitengeneza. Nasogeza simu hizi mbili, mdomo kwa sikio. Mwambie zana imesema uongo.

RUDY: Taimi, simu za polisi zinarekodiwa.

TAIMI: Ndiyo.

RUDY: Unaelewa maana yake? Kaunti hii ni mteja. Kuna kaunti nyingine tisa nyuma yake. Nikisema kwa mdomo wangu, kwenye simu inayorekodiwa, kwamba tulijua... Nina watu wameacha kazi zao kunifuata. Naweza kusema data imechelewa kusasishwa. Hiyo nayo ni—

TAIMI: Atasema basi tusubiri isasishwe.

RUDY: Naweza kusema kuna uwezekano—

TAIMI: Atasema uwezekano hautoshi kuwapeleka watoto wa watu juu ya barafu ya Machi. Na hapo atakuwa na haki. Mtu hapeleki watu wanne wakafe kwa neno "uwezekano".

RUDY: Nipe dakika nifikirie.

TAIMI: Uliifikiria ulipomwekea Baba kile kisanduku. Alikikataa, unakumbuka? Akasema, mimi si ng'ombe wa kufungwa kengele. Ukamwambia, Baba, kubali, tutajua ulipo, hatutakusumbua tena.

RUDY: Nilisema hivyo kwa nia njema.

TAIMI: Na hukumsumbua tena. Mara ya mwisho umekanyaga jikoni humu, majani yalikuwa bado mitini.

RUDY: Taimi, tafadhali.

TAIMI: Nimezisogeza simu. Anakusikia. Sema.

RUDY: Afande Skalicky? Mimi ni Rudy Lahti. Ndiyo, mwanawe. Na pia... mimi ndiye mwenye hiyo zana. Sikiliza. Hilo jibu lililo mbele yako, kwamba baba yangu yuko nyumbani, si kweli. Hapana, si kuchelewa. Si hitilafu pia. Tuliitengeneza hivyo. Simu ikizima, inataja nyumbani hata kama haijui lolote. Hapana, bwana, haijaandikwa popote. Najua. Najua, bwana. Mara ya mwisho simu yake ilijibu kutoka Ghuba ya Mierezi, nyuma ya rasi, Alhamisi mchana. Alikwenda kuvuta kibanda. Zana yangu haijui baba yangu yuko wapi. Narudia, haijui. Tuma watu wako.

[Mkwaruzo.]

RUDY: Taimi? Amesema nini? Nimesikia mkwaruzo tu.

TAIMI: Ametukana. Halafu ameinuka, nimesikia kiti kikianguka. Wanaleta boti ya upepo, ile ya feni inayoteleza juu ya barafu. Clyde, mume wa Verna, keshawasha pikipiki yake ya theluji, anapita ufukoni. Clyde! Clyde, nisubiri!

RUDY: Usiende barafuni wewe! Taimi! Unanisikia? Usi—

TAIMI: Nina buti za Baba, kofia ya Ver— usinipangi— [mkwaruzo] —simu imeba—

[Laini inakatika. Inaita tena baada ya muda mrefu.]

TAIMI: Haloo.

RUDY: Nimepiga mpaka kidole kimekufa ganzi! Niko barabarani nakuja, nimepita mji wa Hinckley. Wamempata?

TAIMI: Endesha polepole.

RUDY: Usiniambie polepole! Wamempata?

TAIMI: Wamempata. Yuko hai.

[Sauti ya gari likipunguza mwendo, kisha kusimama.]

TAIMI: Rudy?

RUDY: Nipo. Nimeegesha pembeni. Nipo.

TAIMI: Mguu umevunjika, juu ya goti. Alikuwa ananyanyua kibanda, jeki ikateleza kwenye barafu, kikamlalia. Akajichomoa. Sijui alijichomoaje, ana miaka yake ile. Akajikokota ndani, akawasha jiko. Kuni zilipoisha akachoma benchi. Benchi lilipoisha akachoma rafu, na fimbo zake zote za kuvulia, hata ile ya babu.

RUDY: Anaongea?

TAIMI: Anaongea. Amemwambia Skalicky boti yake ina kelele. Vidole vya mguu vimeganda kwa baridi, daktari hakuahidi kitu. Na barafu yote kuanzia kibandani hadi ufukoni imepasuka. Clyde alilala kifudifudi akasukuma ngazi mbele yake, barafu isimvunjikie. Usiku mmoja zaidi, Rudy, tungekuwa tunatafuta kitu kingine.

RUDY: Lakini kwa nini... Gari lake lilizama?

TAIMI: Halijazama. Liko pale pale karibu na kibanda. Vioo chini, funguo ndani, simu juu ya dashibodi imeganda kama jiwe.

RUDY: Sasa kwa nini hakupiga honi? Upande wa pili wa rasi ile kuna nyumba za watu. Angejikokota mpaka kwenye gari, akalala juu ya honi, wangesikia siku ile ile! Baba si mtu wa kukaa akangoja. Kwa nini alikaa?

TAIMI: Clyde amemwuliza hivyo hivyo.

RUDY: Akasema nini?

TAIMI: Tutaongea ukifika.

RUDY: Akasema nini, Taimi?

TAIMI: Akasema aliona afadhali asiusumbue mguu. Hakuwa na haraka. Akasema, kijana wangu anajua nilipo.

[Kimya.]

RUDY: Alisema hivyo?

TAIMI: Siku mbili nzima. Alikuwa amegeuza kiti kinatazama mlango. Kila barafu ikipasuka alidhani ni ninyi mnakuja.

RUDY: Taimi... mwambie...

TAIMI: Wanampakia sasa. Wananiita.

RUDY: Mwambie kwamba mimi—

TAIMI: Simu ya Verna inazima, Rudy. Hospitali ile ya mjini, mlango wa nyuma. Wanafunga—

RUDY: Haloo? Taimi?

RUDY: Haloo?